Mwandishi Amhoji Mwandishi

Mwaka 1962 Lewis Nkosi alikuwa kijana wa miaka 25 asiye na nchi ya kurudi. Alizaliwa Durban, akapata jina Johannesburg kwenye jarida la Drum, kisha akapata nafasi ya kusoma Chuo Kikuu cha Harvard huko Marekani. Serikali ya makaburu haikumnyima ruhusa ya kuondoka. Ilimpa kibali cha upande mmoja: atoke, asirudi. Mwaka huo akawa Nigeria na kinasa sauti, na watu aliowakalisha mbele ya kipaza sauti walikuwa wa rika lake, wenye majina ambayo bado hayakuwa yamevuma mbali: Chinua Achebe, Wole Soyinka na Christopher Okigbo.

Achebe alikuwa na miaka 31. Riwaya yake ya kwanza, ambayo Waswahili waliipokea mwaka 1973 kwa jina la Shujaa Okonkwo, ilikuwa na miaka minne tu tangu itoke. Nkosi alimuuliza kilichomfanya aandike. Achebe akamjibu kwamba kitabu kimoja cha Mwingereza mzaliwa wa Ireland Joyce Cary, Mister Johnson, kilikuwa kinasifiwa sana kama picha ya Nigeria, naye alipokisoma aliona ni picha ya juujuu, ya nchi na hata ya tabia za watu wake. Akaona afadhali mtu wa ndani ajaribu.

Jibu hilo limezunguka dunia. Linatajwa katika tasnifu, katika utangulizi wa vitabu, katika madarasa ya kidato cha sita na ya vyuo vikuu, na ni rahisi kudhani Achebe aliliandika katika insha. Lilisemwa kwa mdomo, katika mahojiano ya redio, kwa mtu ambaye naye alikuwa anatafuta jinsi ya kuandika. Hilo la mwisho ndilo lenye uzito zaidi. Achebe hakuwa anajitetea mbele ya mgeni. Alikuwa anamweleza mwenzake wa kazi njia aliyopitia, na mwenzake alikuwa na sababu zake mwenyewe za kutaka kuijua.

Kilichopanga mahojiano yale yafanyike na yasambazwe ni kituo kidogo cha London kilichoitwa Transcription Centre, kilichoanzishwa mwaka huohuo wa 1962. Mkurugenzi wake, Dennis Duerden, alikuwa Mwingereza aliyefanya kazi ya elimu Nigeria kabla ya kuingia BBC. Wazo lake lilikuwa jepesi kulieleza na gumu kulitekeleza. Nchi za Afrika zilikuwa zinapata uhuru moja baada ya nyingine, kila moja ikirithi kituo cha redio chenye saa nyingi za kujaza na vipindi vichache vya kuzijaza. Wakati huohuo waandishi, wachoraji, wanamuziki na wasomi wa bara hili walikuwa wakipita London kila wiki, wengine kusoma, wengine wakiwa wakimbizi wa siasa. Duerden aliwaingiza studio, akawarekodi, akatuma nakala za kanda kwenye vituo vya Afrika.

Kipindi kilichojulikana zaidi kiliitwa Africa Abroad, na Nkosi ndiye aliyekishika miaka ya mwanzo. Kazi yenyewe ilikuwa ya mikono. Kanda zilikuwa za utepe wa sumaku, zikizungushwa kwenye magurudumu mawili. Mhojiwa akikohoa au akirudia neno, fundi alipatafuta mahali hapo kwa kuusogeza utepe taratibu kwa kidole, akaukata kwa wembe, akaunga ncha mbili kwa kipande cha utepe wa gundi. Kisha nakala, kisha bahasha, kisha posta ya ndege. Kituo hicho kilikuwa pia na jarida dogo la kila mwezi, Cultural Events in Africa, na mahojiano mengi yalipigwa chapa ili yasomwe na wale ambao redio yao haikuyapokea. Ni hizo karatasi zilizopigwa chapa, zaidi ya kanda zenyewe, ambazo zimetuokolea mengi. Mwaka 1972 Duerden na Cosmo Pieterse, mshairi na mtu wa jukwaa kutoka Afrika Kusini, walikusanya sehemu yake na kuitoa kama kitabu kupitia Heinemann: African Writers Talking.

Ukikisoma kitabu hicho leo, kinachokushika kwanza ni ujana wa wanaosema. Ngũgĩ wa Thiong'o yumo, lakini siku zile alikuwa bado James Ngugi, kijana wa Limuru aliyetoka Makerere, na riwaya yake ya kwanza ikiwa ndiyo inatoka. Ama Ata Aidoo wa Ghana yumo. John Nagenda wa Uganda yumo. Ezekiel Mphahlele, aliyekuwa kaka mkubwa wa wote kwa umri na kwa machungu ya uhamisho, naye yumo. Hakuna anayezungumza kama sanamu. Wanasitasita, wanarudi nyuma kusahihisha walichosema dakika mbili zilizopita, wanakiri kwamba hawajui kitabu kijacho kitakuwaje. Mwandishi akishakuwa mkubwa huwa na majibu yaliyokwisha kuiva kwa kurudiwa. Hawa walinaswa kabla majibu hayajaiva.

Mwingine aliyeshika kipaza sauti hicho alikuwa Mganda, na kwa msomaji wa Afrika Mashariki huyu ndiye wa kukaa naye kidogo. Robert Serumaga alizaliwa mwaka 1939, akasomea uchumi Trinity College, Dublin, kisha akaingia London akiwa na tamaa ya tamthilia. Duerden akampa kazi ya kuhoji. Mwaka 1965 alimkalisha Okigbo, mshairi ambaye wengi walimwona mgumu kueleweka, na badala ya kumtaka afasiri mashairi yake kama mwalimu anavyomtaka mwanafunzi, alimwacha aeleze alivyokuwa akiyaunda.  Katika mahojiano ya miaka ile Okigbo alisema kwamba alipokuwa akiandika mashairi yake ya Heavensgate alikuwa ametekwa na watunzi wa Kizungu kama Debussy, Ravel na César Franck. Mtu aliyekuwa akihangaika kutafuta maana ya mistari ya Okigbo neno kwa neno ghafla anapewa mlango mwingine: kuisikiliza kwanza.

Miaka miwili baadaye Okigbo alikuwa amekufa. Aliuawa mwaka 1967 karibu na Nsukka, akiwa amevaa sare ya jeshi la Biafra, eneo la mashariki lililojitenga na Nigeria. Hakufikisha miaka arobaini. Mashairi yake yangebaki hata bila redio, hilo ni kweli. Lakini namna alivyokuwa akizungumza kuhusu kazi yake, ingekwenda naye kaburini kama Serumaga na wachache wengine wasingewasha mashine.

Mwanzoni mwa mwaka huohuo wa 1967 Serumaga alimhoji pia Achebe. Ulikuwa wakati mbaya kuliko wakati wowote wa kumhoji, na kwa hiyo ulikuwa wakati bora. Riwaya yake A Man of the People, inayoishia kwa wanajeshi kupindua serikali, ilitoka Januari 1966, na mwezi huohuo wanajeshi wa Nigeria wakapindua serikali. Kuna waliodhani mwandishi alikuwa kwenye njama. Achebe alilazimika kuondoka Lagos, alikokuwa mkurugenzi wa matangazo ya nje ya Shirika la Utangazaji la Nigeria, akarudi kwao mashariki. Miezi michache baada ya mahojiano yale Biafra ikatangazwa. Serumaga hakuwa na njia ya kujua yajayo, wala Achebe, na hapo ndipo mahojiano ya redio yanapozidi kumbukumbu zilizoandikwa uzeeni. Anayeandika kumbukumbu anajua hadithi iliishaje. Anayehojiwa hajui.

Serumaga mwenyewe alirudi Kampala, akachapisha riwaya, Return to the Shadows, mwaka 1969, akaunda kikundi cha maigizo cha Theatre Limited. Utawala wa Idi Amin ukamsukuma kutoka jukwaani hadi vitani. Mwaka 1979 alikuwa miongoni mwa viongozi wa vikosi vya Waganda waliosaidiana na majeshi ya Tanzania kumng'oa Amin, na akawa waziri katika serikali fupi ya Yusuf Lule. Alifariki Nairobi mwaka 1980. Vitabu vya fasihi humtaja kama mwandishi wa tamthilia, vya historia kama mwanasiasa. Ni mara chache atajwe kama mhoji, na ni kosa kumsahau hivyo, kwa sababu wasomaji wengi wamenufaika naye bila kulijua jina lake.

Swali la fedha haliepukiki. Kodi ya ofisi, kanda, mishahara ya kina Nkosi: nani alilipa? Sehemu kubwa ilitoka Congress for Cultural Freedom, shirika la Paris lililojitambulisha kama mtetezi wa uhuru wa utamaduni. Shirika hilohilo ndilo lililosaidia mkutano wa waandishi uliofanyika Makerere mwezi Juni 1962, ndilo lililompeleka Mphahlele Nairobi mwaka 1963 kuanzisha kituo cha Chemchemi, na ndilo lililosaidia jarida la Transition la Rajat Neogy huko Kampala. Aprili 1966 gazeti la New York Times likaandika kwamba nyuma yake kulikuwa na fedha za CIA, na mwaka uliofuata magazeti mengine yakathibitisha. Shirika la ujasusi la Marekani, katika vita vyake baridi na Moscow, lilikuwa limelipia mazungumzo ya waandishi wa Afrika bila wao kujua.

Kuna wanaoona kwamba ugunduzi huo unatia doa kila sentensi iliyorekodiwa. Hoja hiyo haisimami mbele ya kanda zenyewe. Hakuna jasusi aliyemwandikia Serumaga maswali ya kumuuliza Okigbo. Nkosi, aliyezuiwa kurudi kwao na serikali ya ubaguzi, hakuhitaji mtu wa Washington kumfundisha anachotaka kujua kwa Achebe. Hata hivyo fedha zina ujanja wake, na ujanja huo haukuwa katika majibu. Ulikuwa katika orodha ya walioalikwa. Nani anaingia studio, nani haingii, na kwa lugha gani anaingia: hayo yaliamuliwa kabla swali la kwanza halijaulizwa.

Kabla ya kufika kwenye lugha, inafaa kugeuka kidogo kutazama Chicago, kwa sababu mtu anaweza kudhani siri ya mahojiano haya ilikuwa tu Mwafrika kumuuliza Mwafrika. Mwaka 1961, katika kituo cha WFMT, mtangazaji Studs Terkel alimhoji James Baldwin. Terkel alikuwa mzungu, mtoto wa wahamiaji Wayahudi, mwanasheria asiyewahi kufanya kazi ya sheria, na alikaa WFMT miaka 45, tangu 1952 hadi 1997. Baldwin alikuwa mwandishi mweusi kutoka Harlem aliyechoka kuulizwa maswali ya wazungu kuhusu weusi. Terkel hakuanza kwa swali. Aliweka sahani ya santuri, sauti ya Bessie Smith ikiimba juu ya mafuriko, kisha akamgeukia Baldwin. Baldwin akaanza kueleza jinsi alivyojifungia katika kijiji cha milimani Uswisi na mashine ya kupiga chapa na santuri mbili za mwimbaji huyohuyo, akizisikiliza hadi akaipata tena lugha ya utotoni mwake na kuimaliza riwaya iliyokuwa imemshinda kwa miaka.

Terkel aliijua habari hiyo kwa sababu alikuwa amekisoma kitabu kipya cha Baldwin chote, kalamu mkononi, akipigia mistari. Alikuwa hivyo kwa kila mgeni. Basi siri si rangi ya muulizaji, wala si nchi yake peke yake. Ni kazi aliyoifanya kabla ya kuingia studio. Nkosi na Serumaga walikuwa wameifanya kazi hiyo kwa kuishi. Terkel aliifanya kwa kusoma. Mtangazaji anayemkaribisha mwandishi na kumwomba awaeleze wasikilizaji kitabu chake kinahusu nini hajafanya hata moja kati ya hayo mawili, na msikilizaji humjua ndani ya dakika moja.

Sasa lugha. Mkutano wa Makerere ulikuwa, kwa jina lake rasmi, wa waandishi wa Kiafrika wanaotumia Kiingereza. Ngũgĩ aliyekuwemo, akiwa mwanafunzi mwenye muswada wa kumwonyesha Achebe, alikuja kuuliza miaka mingi baadaye inakuwaje yeye mwenye hadithi chache apate kiti na Shaaban Robert wa Tanga, mwandishi mkubwa wa Kiswahili, asipate. Ukumbi ulikuwa Kampala, siku chache za safari kutoka Tanga. Na mwezi huohuo wa Juni 1962 ambao wenzake walikutana, Shaaban Robert alifariki.

Achebe alikuwa amewahi kukutana naye. Kabla ya uhuru wa Tanganyika, mwandishi huyo wa Nigeria alitembelea Afrika Mashariki kwa ufadhili wa kusafiri, na huko akaonana na Sheikh Shaaban. Wakazungumza kuhusu uandishi. Katika insha iliyotoka Transition mwaka 1965, Achebe alikiri kwamba mazungumzo hayo hayakushika. Alijua yuko mbele ya mwandishi mkubwa, kila mtu alimwambia hivyo, lakini kazi zake hakuzijua hata kidogo. Sheikh Shaaban akampa vitabu viwili vya mashairi yake. Achebe akavitunza kwa heshima, bila kuweza kuvisoma.

Mistari hiyo michache ndiyo iliyotufikia kutoka kwenye kikao cha waandishi wawili wakubwa kabisa wa karne yao. Hapakuwa na Nkosi kati yao, mtu anayezijua kazi za huyu na za yule, wa kumuuliza Sheikh Shaaban kwa Kiswahili kwa nini Kusadikika ya riwaya yake iwe nchi ya angani, au jinsi mtumishi wa serikali ya kikoloni alivyoipata nafasi ya kuandika kuhusu dhuluma na kupona. Na Achebe angekuwa na mengi ya kuuliza, yeye aliyekuwa akihangaika na suala hilohilo la lugha katika insha ileile.

Si kwamba redio ya Kiswahili haikuwepo. Ilikuwepo Dar es Salaam, ilikuwepo Nairobi na Zanzibar, na Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilianza London mwaka 1957, miaka mitano kabla ya Duerden kufungua ofisi yake katika jiji hilohilo. Watu wa redio na watu wa vitabu walikuwa mara nyingi ni walewale: Paul Sozigwa, aliyeufasiri Wimbo wa Lawino wa Okot p'Bitek, alikuwa mtu wa Redio Tanzania. Washairi wetu walitungia redio na kusomwa redioni zaidi kuliko walivyosomwa vitabuni. Kilichokosekana ni ule uzito wa kuketi na mtunzi saa nzima, kuyapiga chapa aliyosema, na kuyatoa kama kitabu chenye jalada ili mwanafunzi wa miaka hamsini ijayo ayakute kwenye rafu.

Mfano wa jinsi ambavyo ingewezekana upo. Abdilatif Abdalla wa Mombasa alifungwa miaka mitatu na serikali ya Kenyatta kwa kijitabu chake Kenya: Twendapi?, akatoka mwaka 1972, na mashairi aliyoyaandika gerezani kwenye karatasi za chooni yakatoka mwaka uliofuata kama Sauti ya Dhiki. Alihamia Dar es Salaam, akafanya kazi katika Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, na mwaka 1979 akaenda London kujiunga na Idhaa ya Kiswahili ya BBC, alikokaa hadi 1986. Yaani kwa miaka saba mshairi aliyeonja gereza kwa ajili ya maandishi yake alikuwa ndani ya studio ya Kiswahili, katika miaka ileile ambayo Ngũgĩ, naye aliyeandika kwenye karatasi za chooni katika gereza la Kamiti, alikuwa amekimbilia jiji hilo. Kwa kazi ya kuhoji waandishi, haiwezekani kupata mtu aliyeandaliwa vizuri zaidi na maisha yake.

Kumbukumbu za Transcription Centre leo ziko Austin, Texas, katika maktaba ya Harry Ransom Center, mafaili kwa mafaili ya barua, miswada na maandishi ya vipindi. Mtafiti anayetaka kujua Nkosi alimuuliza nini Soyinka atajaza fomu na kuletewa sanduku mezani. Mtafiti anayetaka kumsikia Shaaban Robert akizungumza nje ya vitabu vyake, kwa lugha ya mtu anayejibu mtu, itabidi afungue Barua za Shaaban Robert, mkusanyiko wa barua za miaka ya 1931 hadi 1958 alizomwandikia mdogo wake, Yusuf Ulenge, uliohaririwa na Profesa M. M. Mulokozi na kutolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 2002. Ulenge alizihifadhi barua zile. Kwa kuwa alikuwa ndugu na msomaji wa karibu, maswali yake yanaweza kukisiwa katika majibu ya kaka yake, na hayo ndiyo mahojiano marefu zaidi tuliyo nayo na mwandishi huyo.